Hela za gazeti zilienda wapi? Intaneti, matangazo, na zile habari ambazo hamna anayezilipia

Kila mtu sa hivi anakwambia magazeti yanakufa sababu watu hawasomi, vijana wote wako TikTok, nani atoe buku anunue gazeti wakati kila kitu kiko kwenye simu. Mi nakubali nusu yake tu. Watu wanasoma, tena naona wanasoma kuliko enzi zile, mtu kabla hajapiga mswaki keshapitia magrupu matatu ya WhatsApp na kurasa za mbele za magazeti yote ya siku hiyo, kasoma ya Simba na Yanga, kasoma nani kateuliwa nani katenguliwa, na hajatumia hata shilingi zaidi ya bando lake. Kilichokatika ni hela, na ukitaka kuielewa hii ishu inabidi uanze na swali ambalo sisi wasomaji huwa hatujiulizagi: gazeti lilikuwa linaishi kwa hela ya nani?

Siyo yako. Ile buku unayotoa pale kwenye meza ya magazeti ina safari ndefu, kuna chake muuzaji, kuna chake wakala, kuna nauli ya bunda kwenye basi la mkoani, kuna karatasi inayoagizwa nje kwa dola, kuna wino na umeme wa mtambo, na zile nakala ambazo hazikuuzwa zinarudi na hasara inabaki kwa kampuni. Ukishatoa vyote hivyo kinachobaki hakiwezi kumlipa mhariri, mpiga picha, mwandishi wa bungeni na dereva wa kuwapeleka. Aliyekuwa analipa mishahara ni mwenye tangazo. Magazeti ya Marekani kwenye miaka yake ya neema mapato kama asilimia 80 hivi yalikuwa ya matangazo, na huku kwetu hata kama uwiano siyo uleule mfumo ni uleule: tangazo la zabuni, nafasi za kazi, benki kutoa hesabu zake za robo mwaka, mnada wa nyumba iliyowekwa rehani, taasisi kumpongeza Mheshimiwa kwa ukurasa mzima, na kwa Wakenya zile kurasa za tanzia zenye picha za marehemu ambazo familia zinalipia.

Sasa gazeti lilikuwa linauzwa kama fungu la nyanya sokoni, unachukua lote, kubwa juu ndogo chini, huwezi kumwambia mama muuzaji nipe hii moja tu. Aliyetaka mpira alibeba na habari ya baraza la madiwani. Aliyetaka kazi alibeba na tahariri. Mwenye kampuni ya magari alitangaza kwenye ukurasa uliokuwa na stori ya kesi ya ufisadi, na wala hakuwa na nia ya kuifadhili hiyo stori, yeye alitaka macho ya watu tu, ila hela yake ndo ilimlipa mwandishi akakaa mahakamani wiki nzima. Hiyo ndo siri ya biashara yote, kwamba habari ngumu haijawahi kujilipia yenyewe, hata siku moja, ilikuwa inabebwa na vitu vingine.

Intaneti ikalifungua lile fungu. Mpira ukaenda YouTube na Instagram. Nafasi za kazi zikaenda BrighterMonday na kwenye Ajira Portal ya serikali. Gari la mkononi, kiwanja, friji, sofa, vikaenda Kupatana na Jiji. Tanzia ikawa bango la picha linalotembea kwenye grupu la ukoo ndani ya dakika kumi, na mchango wa msiba unatumwa humohumo kwa simu. Katuni zikapata kurasa zake. Na ile ripoti ya baraza la madiwani ikabaki peke yake mezani.

Marekani hili lilianza mapema na lilionekana wazi zaidi. Mwaka 1995 jamaa mmoja wa San Francisco anaitwa Craig Newmark alianza kuwatumia marafiki zake barua pepe za matukio ya mjini, ikakua ikawa tovuti ya Craigslist, mtu anatangaza chumba cha kupanga au gari lake bure kabisa. Magazeti ya kule yalikuwa yanatoza kwa mstari kwa matangazo yaleyale madogomadogo, na yale madogomadogo ukiyajumlisha yalikuwa mgodi. Haikuwa Craigslist peke yake lakini angalia matokeo: mapato ya matangazo ya magazeti ya Marekani mwaka 2005 yalikuwa kama dola bilioni 49, kufika 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. Rocky Mountain News la Denver, gazeti lililoanza 1859, lilifungwa Februari 2009, bado miezi miwili litimize miaka 150. Waliokuwa wanalisoma hawakuamka siku moja wakachukia kusoma, waliotangaza ndo walihama.

Huku kwetu kisa kina sura yake na nadhani watu wengi hawajakiangalia vizuri. Mtangazaji mkubwa kwenye magazeti ya Tanzania kwa miaka yote ni serikali na mashirika yake. Halmashauri ikitaka kujenga zahanati, wakala wa serikali akitaka kununua magari, mamlaka ikitaka mkandarasi wa bomba la maji, zabuni inatangazwa gazetini, na mkandarasi anayetafuta kazi lazima anunue gazeti kila siku hata kama siasa haimhusu. Halafu manunuzi yakahamia kwenye mfumo wa mtandao, kwanza TANePS, na toka 2023 NeST, ambapo zabuni inatangazwa, maombi yanapokelewa na mshindi anapatikana humohumo. Mi kama mlipa kodi nafurahi kabisa, mkandarasi wa Mpanda anaiona zabuni dakika ileile na wa Dar, hana haja ya kumjua mtu. Lakini kwa gazeti ule ni ukurasa uliokuwa unalipiwa na sa hivi haulipiwi, na siyo mmoja. Kazi za serikali nazo hivyohivyo, Sekretarieti ya Ajira ina mfumo wake, unajaza kila kitu kwenye simu. Kenya walipitia njia nyingine, matangazo ya serikali yakakusanywa kwenye toleo moja la kila wiki linaitwa MyGov, kwaiyo badala ya kila wizara kununua nafasi yake kila siku, yanatoka pamoja.

Ongezea na madeni. Serikali inatangaza leo, kulipa ni mwaka keshokutwa, na hili limelalamikiwa mpaka likafika juu, mwaka 2023 ikaundwa kamati chini ya mwandishi mkongwe Tido Mhando kuangalia hali ya kiuchumi ya vyombo vya habari Tanzania. Chombo ambacho mteja wake mkubwa ni serikali, na serikali hiyohiyo inadaiwa, na ndo hiyohiyo inayotoa leseni, jiulize mhariri analala vipi siku ana stori mbaya ya wizara.

Hapa utaniuliza, si magazeti nayo yaweke matangazo kwenye tovuti zake? Yameweka. Tatizo ni bei, na bei inatokana na kitu rahisi sana. Gazeti la kurasa 32 lina nafasi zinazohesabika, ukitaka ukurasa wa tatu na mwenzako anautaka, mnapandishiana. Mtandaoni nafasi haziishi, kila posti mpya ya kila mtu duniani ni nafasi nyingine ya tangazo, na kitu kisichoisha hakiwezi kuwa ghali. Pili, tangazo la mtandaoni linauzwa kwa mnada, wewe unafungua ukurasa, kabla haujamaliza kufunguka kompyuta za Google zimeshawashindanisha watangazaji na aliyetoa dau kubwa ndo unamuona, malipo yanahesabiwa kwa kila mara elfu moja tangazo likionekana, na Google anakata chake. Tatu, na hili linauma, dau linategemea uko wapi. Msomaji wa London au Muscat thamani yake kwa mtangazaji ni kubwa kuliko wa Bariadi, sababu wa London anaaminika atanunua kitu kwa kadi yake. Kwaiyo tovuti ya Kiswahili yenye wasomaji wengi sana wa ndani inaweza kupata hela kidogo kuliko tovuti ndogo ya Kiingereza.

Na mtangazaji naye tumuelewe. Mwenye duka la vitenge Kariakoo gazetini angelipa laki kadhaa kuonwa na watu ambao nusu hawavai vitenge. Instagram kwa elfu kumi anachagua wanawake wa Dar wa umri fulani, anaona wangapi wamegusa, anajibu DM na anauza siku hiyohiyo. Hakuna hotuba ya kumshawishi arudi gazetini.

Ndo unaona sasa hivi vichwa vya habari vya ajabuajabu. Kama hela inakuja kwa kuhesabu kliki, basi kichwa kinaandikwa kwa ajili ya kliki, "Alichokisema kitakushangaza", unafungua ndani kuna mistari minne. Waandishi wanaoandika hivyo wengi wanajua kazi nzuri ikoje na wangeweza kuifanya, ila wamewekewa lengo la posti ngapi kwa siku, mtu ana posti kumi za kupandisha atampigia nani simu kuthibitisha?

Halafu kuna PDF. Kila asubuhi Kenya na Tanzania, kabla muuza magazeti hajapanga meza, gazeti zima kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mpira wa mwisho liko WhatsApp na Telegram, mtu mmoja kanunua toleo la mtandao au kapewa na mtu wa ndani, admini kaliweka, watu mia mbili wamelifowadi kwa watu mia mbili. Tuliite kwa jina lake, ni wizi, na watu wanaoufanya ni sisi wenye kazi na mishahara yetu, walimu, wanasheria, maofisa, watu ambao jioni wanalalamika waandishi wa siku hizi hawachimbi. Na kabla ya PDF kulikuwa na redio, ule utaratibu wa kusoma magazeti asubuhi, mtangazaji anasoma stori yote mpaka nukta ya mwisho huku tangazo la kampuni ya simu linalipwa redioni, mpaka serikali ikaingilia kati mwaka 2017 ikaagiza visomwe vichwa vya habari tu.

Sehemu ninayotaka tukae nayo ni huku mikoani, sababu huko ndo hasara ipo na hamna anayeiona. Magazeti mengi mkoani hayana mwajiriwa, yana mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa stori, na stori ikitumwa isipotoka halipwi. Matangazo yakipungua kurasa zinapungua, kurasa zikipungua stori za mkoani ndo za kwanza kukatwa, na malipo yanachelewa miezi. Mtu huyo ana nauli, ana bando, ana watoto. Anaishije? Anaenda kwenye warsha, semina, uzinduzi, sehemu ambayo mwenye shughuli anatoa posho. Kwaiyo habari ya mkoa inakuwa ya uzinduzi na warsha. Ukisoma unadhani mkoa mzima unakata utepe tu. Mgogoro wa ardhi uliopo kilomita 90 barabara ya vumbi, hamna mwenye shughuli wa kutoa posho kule, kwaiyo haupo, mpaka siku damu imwagike na mtu arekodi kwa simu ndo utauona, na utauona bila kujua ulianzaje.

Mtu atasema kila raia siku hizi ni mwandishi ana kamera mfukoni. Ni kweli na imesaidia sana, kuna mambo tusingeyajua. Lakini video ya dakika moja inakuonyesha kilichotokea mbele ya kamera. Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayoingia bungeni kila Aprili ni vitabu kwa vitabu, lazima kuna mtu akae aisome, apige simu halmashauri, arudi aangalie ya mwaka jana kama ile hoja ilijibiwa. Hiyo kazi inachukua siku na anayeifanya lazima ale. Sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, mpaka waziri mkuu Edward Lowassa akajiuzulu Februari 2008, magazeti yalikaa nalo muda mrefu, siku baada ya siku, kipindi ambacho siku nyingi stori haikuwa na jipya la kusisimua.

Sasa nini kimejaribiwa. New York Times mwaka 2011 waliweka uzio, usome chache bure halafu ulipie, na leo wana wanachama wanaolipa zaidi ya milioni 10, ila angalia vizuri wanacholipia, kuna michezo ya maneno, kuna mapishi, kuna ushauri wa vitu vya kununua, yaani wamelifunga fungu upya. The Guardian la Uingereza wao wameacha wazi wanaomba msomaji achangie. Australia mwaka 2021 walitunga sheria Google na Facebook walipie habari, Facebook wakazima habari zote nchini kwa siku kadhaa mpaka wakaelewana. Canada wakafuata 2023, Google akakubali kutoa dola milioni 100 za Canada kwa mwaka, Meta, wenye Facebook na Instagram, wakakataa wakaziondoa habari kabisa kwenye mitandao hiyo kule. Nchi kubwa kama Canada imetunishiana misuli na Meta na Meta hajalegea, sisi tukiwa mmoja mmoja, Tanzania peke yake au Kenya peke yake, sioni tutamtisha nani. Na toka 2024 Google ameanza kuweka jibu lililoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, unauliza unajibiwa, tovuti iliyofanya kazi huigusi.

Nation Media Group wa Kenya, ambao ndo wenye magazeti ya Mwananchi na The Citizen ya Tanzania pia, walianzisha tovuti ya Nation.Africa mwaka 2020 na baadaye wakaanza kutoza. Mwananchi wamesukuma sana video na mitandao. Lakini digitali nayo haina uhakika, Oktoba 2024 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, walisimamisha leseni za mtandaoni za Mwananchi kwa siku 30, na kampuni iliyoambiwa miaka yote ihame kwenye karatasi iende mtandaoni ikajikuta karatasi ndo imebaki inatoka. Wadogo walipigwa mapema zaidi, kanuni za maudhui za 2018 zilimtaka hata mwenye blogu kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 apate leseni, zikaja kupunguzwa baadaye lakini wengi walikuwa washafunga.

Kuna kitu kimoja kuhusu Kiswahili ambacho hakisemwi. Habari za Kiswahili za bure mtandaoni, tena nzuri, nyingi zinatoka BBC Swahili, ambao wako hewani toka 1957, na DW ya Ujerumani. Zinalipiwa na walipa kodi na walipa ada wa Ulaya. Mi nazisoma na nawaheshimu waandishi wake, ni watu wetu na wanajua kazi. Ila gazeti la Dar linalotaka kuuza habari kwa msomaji wa Kiswahili linashindana na mtu ambaye hahitaji kuuza. Na siku serikali za nje zikiamua kubana matumizi, kama ilivyotokea VOA, chombo cha serikali ya Marekani, mwaka 2025 wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani, msomaji wa Kigoma na wa Bukavu wanapoteza chombo kwa uamuzi uliofanywa Washington.

Je, watu wetu hawalipi kabisa? Wanalipa. Angalia simulizi. Zamani hadithi za kuendelea zilikuwa gazetini, watu wananunua toleo sababu ya sehemu inayofuata, leo watunzi wameziondoa huko, anaweka sehemu tano za kwanza Facebook bure, ikinoga anasema anayetaka kuendelea atume elfu moja au mbili kwa M-Pesa aingizwe kwenye grupu, na watu wanatuma. Hakuna kadi ya benki, hakuna fomu, hakuna kujisajili kwa barua pepe, ni namba ya simu na jina lililotokea. Magazeti yetu mengi bado ukitaka kulipia toleo la siku moja unazungushwa mpaka unakata tamaa unaomba PDF. Huyu mtunzi hana idara ya masoko na ameshaelewa kwamba mtu wetu analipa kidogokidogo, kwa simu, kwa kitu ambacho hakipati kwingine, na kwa mtu anayemjua. Taarifa ya kwamba waziri kafungua daraja iko kila mahali, hiyo hamna atakayeilipia. Orodha ya viwanja vyenye kesi kwenye wilaya yako, uchambuzi wa bei za mazao kwa mnunuzi, kesi iliyofuatiliwa mpaka hukumu, hivyo naamini vina mtu wake.

Kwa sasa kuna kitu kimoja kinachoshikilia karatasi ambacho wasomaji wengi hatukioni: sheria. Mtu akishindikana kupelekewa wito wa mahakama, mahakama inaweza kuamuru utangazwe gazetini. Mirathi, kufilisi kampuni, benki inayotaka kuuza nyumba ya mdaiwa, hati ya kiwanja iliyopotea, yote hayo yana taratibu zinazotaka tangazo la gazeti. Fungua gazeti lolote la leo kurasa za katikati uhesabu. Nchi nyingine zimeshaanza kubishana kama matangazo hayo yahamie kwenye tovuti za serikali, na kwa jinsi NeST ilivyofanya kwenye zabuni, sioni kwa nini mjadala huo usifike hapa. Kabla haujafika ndo wakati wa wahariri na wabunge kukaa mezani, wakubaliane kwamba sehemu ya hela itakayookolewa iende kwa waandishi wa mikoani, kwa utaratibu ambao waziri hawezi kuukata akichukia stori.